Ng'ombe Aliyelala Kiuchumi

Nilipofika katika nchi ile Waziri wa Fedha alikuwa anaondoka, na alikuwa anaondoka tangu juzi yake. Ndege ilikuwa imewashwa, ngazi imeegeshwa, bendi ya polisi imepiga wimbo wa taifa mpaka mpiga tarumbeta amevimba mdomo, lakini Mheshimiwa Sangija Malundi hakuweza kupanda. Alikuwa bado anaagwa.

Mimi nilikuwa nimeshuka kwenye lori la chumvi nililolidandia mpakani, nikadhani labda ndege ni mbovu. Askari wa uwanja akanitazama viatu, akajua ni mgeni, akanieleza. Nchini kwao kulikuwa na desturi iliyoitwa kupandishia. Ukimsifu mtu, au ukikisifu kitu chake, lazima sifa yako iipite ya yule aliyetangulia. Ukilingana naye umemvunjia heshima msifiwa. Ukishuka chini yake umetangaza ugomvi, na koo zenu zitakaa miaka bila kualikana harusini. Mtu wa kwanza kumuaga Waziri alisema tu kwamba Mheshimiwa ni mchapakazi. Sasa walikuwa wamemfikia Kamishna wa Majosho, aliyekuwa akisema kwamba jua halichomozi kabla ya kupiga simu ofisini kwa Mheshimiwa kuomba nafasi. Nyuma yake walibaki watu wa kujaza mabasi mawili.

Desturi hiyo haikuiacha hata mifugo. Mgeni akikutembelea, kabla ya maji ya kunywa unamwonyesha ng'ombe wako, naye anataja bei anayoona inamstahili. Mgeni wa kesho lazima aipandishe. Ng'ombe wa kawaida sokoni alikuwa shaba mia moja, shaba ndiyo pesa yao, lakini kwa sifa za wageni ungeweza kumkuta wa shaba mia tisa amesimama kwenye matope anajikuna kwenye nguzo. Haikumdhuru mtu. Siku ya kuuza kwelikweli, muuzaji na mnunuzi walivutana kama watu wengine wote duniani, wakaafikiana mia au tisini, kwa sababu mnunuzi hahesabiwi kuwa mgeni. Sifa zikabaki sifa, pesa zikabaki pesa.

Waziri aliondoka pale rubani, ambaye hakuwa wa nchi ile, alipofunga mlango kwa hasira. Maofisa wawili wa itifaki walifungiwa ndani, wakaenda naye ng'ambo hivyohivyo, bila soksi za kubadilisha. Alikuwa anakwenda kujifunza kwa nini nchi tajiri ni tajiri.

*

Nikapata pa kulala kwa mama mmoja, Bi Nyamizi, karibu na josho la zamani pembezoni mwa mji mkuu. Mimi nilimkatia majani ya ng'ombe, yeye akanipa kona kwenye banda la majembe. Ng'ombe alikuwa mmoja, mweupe kabisa, anaitwa Sabuni. Maziwa ya asubuhi yalikuwa ya wajukuu zake pacha, watoto wachanga ambao mama yao alikwenda nchi za mbali kufanya kazi za ndani na alikuwa akituma salamu. Maziwa ya jioni yaliuzwa, yakaleta chumvi, mafuta ya taa na sukari ya kunusa. Bi Nyamizi hakudaiwa na mtu. Nilipomwambia kwamba hilo ni jambo zuri alinitazama kama niliyesifu ukuta kwa kusimama.

Waziri akarudi baada ya wiki moja. Tuliitwa wote uwanja wa mpira.

"Wananchi," alisema, "mnajua kwa nini sisi ni maskini? Ni kwa sababu tunanunua vitu kwa pesa zetu wenyewe."

Uwanja mzima ukaona aibu. Watu waliinamisha vichwa. Jirani yangu, aliyekuwa amenunua kofia kwa pesa yake mwenyewe asubuhi ileile, aliivua akaikalia.

Waziri akaeleza kwamba huko alikokwenda, matajiri wana kitu kinaitwa wenzo wa kifedha. Akaonyesha kwa vitendo. Lilikuwa limeletwa jiwe kubwa kwa trekta, likawekwa katikati ya uwanja, na karani mmoja mwembamba wa wizara akapewa gogo refu. Akalichomeka chini ya jiwe, akaliegemeza juu ya tofali, akaning'inia kwenye ncha ya mbali. Jiwe likanyanyuka. Watu wakapiga makofi mpaka vumbi likapanda. Huyo, alisema Waziri, ni mtu wa kilo hamsini ameinua jiwe la tani. Gogo ndilo mkopo.

Bahati mbaya hakuna aliyekuwa amepanga namna ya kulishusha. Karani alipochoka aliachia, jiwe likarudi lilikotoka, na ncha ya gogo ikamkuta kwenye kidevu. Alipoteza meno mawili. Taarifa ya wizara iliyosomwa redioni jioni ilisema meno hayo hayakuwa yakitumika ipasavyo.

Kisha Waziri akafafanua kwa mfano wa ng'ombe, maana ndio tuliowajua. Una ng'ombe mmoja wa shaba elfu. Benki inamwangalia, inakuamini, inakukopesha wengine tisa wa bei ileile. Sasa unao kumi. Bei ikipanda sehemu moja tu ya kumi, kila ng'ombe ameongezeka mia, na mia mara kumi ni elfu. Umepata ng'ombe mzima bila kuinuka kitini. Jirani yako mwenye ng'ombe mmoja asiye na mkopo amepata mia tu, na anastahili.

Bi Nyamizi akanyoosha mkono. Nilijaribu kumvuta kanga, hakusikia.

"Mheshimiwa, na bei ikishuka?"

Uwanja ukacheka, Waziri naye akacheka, kwa upole, kama baba.

"Mama yangu, wewe ni mzaliwa wa hapa?"

"Wa hapahapa."

"Umewahi kumsikia mtu wa nchi hii akimsifu ng'ombe kwa bei ya chini kuliko mwenzake?"

"Sijawahi."

"Basi. Kushuka ni mambo ya kigeni."

Wala hakusema uongo. Desturi hairuhusu.

*

Sasa mimi shule nilisoma kwa vipande, na kugawanya nilifundishwa na fundi baiskeli, kwa hiyo nitasema nilivyoelewa mwenyewe nikiwa kwenye banda la majembe. Kitu chako ni kimoja, vya kukopa ni tisa. Vyote kumi vikipanda kidogo, ongezeko la vyote kumi ni lako peke yako, kwa sababu mwenye mkopo anataka tisa zake tu. Vyote kumi vikishuka kidogo, pungufu la vyote kumi ni lako peke yako vilevile, kwa sababu mwenye mkopo bado anataka tisa zake. Hayo tu. Hakuna kingine ndani. Waziri alikatiwa tiketi kwenda kulifuata jambo hili, akarudi na nusu ya kwanza. Nusu ya pili nadhani ilizidi kilo za mzigo.

*

Bunge likapitisha Sheria ya Mali Iliyolala kwa kauli moja, baada ya spika kupandishiwa sifa mpaka saa za chakula. Kitu chochote kilichomilikiwa bila mkopo kilihesabiwa kuwa kimelala, na mwenye kukilaza alikuwa anahujumu taifa. Wakaguzi wa Benki ya Taifa ya Wenzo wakasambaa mitaani. Mtaa wetu ulipewa Bwana Kyando, kijana mwenye tai na kalamu tatu mfukoni, mpole kabisa, aliyekuwa akiomba radhi kabla ya kukanyaga nyasi.

Alimtazama Sabuni kwa muda.

"Mama, ng'ombe huyu amelala."

"Amesimama," akasema Bi Nyamizi.

"Namwona. Lakini kiuchumi amelala."

"Asubuhi katoa lita sita."

"Katika usingizi," akasema Bwana Kyando kwa huruma, akaandika.

Kwa sheria angetozwa faini ya kila siku mpaka ng'ombe aamke, na faini ilikuwa kubwa kuliko maziwa ya jioni. Bi Nyamizi akalala juu ya jambo hilo siku mbili, kama ng'ombe wake, kisha akakubali. Bwana Kyando akarudi kumthamini Sabuni. Hapo ndipo nilipoona ufundi wa benki ile. Mthamini ni mtu, akifika nyumbani kwako ni mgeni, na mgeni lazima apandishe. Mgeni wa mwisho alikuwa shangazi yake Nyamizi, aliyesema shaba mia tisa na tisini. Bwana Kyando akasema elfu moja. Kanuni ya benki ilisema thamani ya ng'ombe ni bei ya mwisho iliyotamkwa hadharani, na hadharani tulikuwa mimi, shangazi na kuku.

Wakaletwa ng'ombe tisa kwa malori kutoka nchi jirani. Benki iliwanunua huko shaba mia mia, ikawauza kwa Bi Nyamizi elfu elfu, na wakurugenzi wakajijengea nyumba zenye nguzo. Kati ya wale tisa mmoja alikuwa dume, mmoja kipofu, na wanne walikuwa wamekwisha kuzaa zamani sana na hawakutaka kurudia. Bi Nyamizi alipouliza kuhusu dume, akaambiwa kwenye mkataba limeandikwa neno ng'ombe.

*

Mwaka ule nchi ilitajirika kuliko nchi yoyote niliyopita, nami nimepita nyingi. Watu walitembeleana kutwa kupandishiana. Ng'ombe wakafika elfu moja na mia moja. Bwana Kyando akaja na cheti chenye utepe kumpongeza Bi Nyamizi: ng'ombe wake kumi sasa walikuwa shaba elfu kumi na moja, deni elfu tisa, kwa hiyo alicho nacho kilikuwa kimetoka elfu moja kikawa elfu mbili. Alikuwa tajiri maradufu.

Bi Nyamizi akauliza kama sasa pacha wanaweza kurudishiwa maziwa yao.

Maana sikusema. Riba ya ng'ombe tisa ililipwa kila mwezi kwa shaba za kuonekana, na za kuonekana zilitoka kwenye maziwa tu. Tangu malori yalipokuja, maziwa ya jioni yalikwenda benki. Kisha ya asubuhi nayo. Pacha walikunywa uji wa chumvi, wakawa na vichwa vikubwa na macho ya wazee. Mimi na yeye tulikuwa tunakata majani ya ng'ombe kumi tangu alfajiri, na yule dume alikula sehemu ya watatu.

Bwana Kyando alisikitika kweli. Alisema tajiri kunywa mali yake mwenyewe ni kuirudisha usingizini. Akaongeza, kwa sababu alikuwa mwaminifu, kwamba riba ikikosekana hata mwezi mmoja, benki huanza kumchukua ng'ombe anayekamuliwa vizuri kuliko wote. Sote tulimtazama Sabuni. Naye alikuwa anatafuna.

*

Mtukufu Rais akatangaza Sherehe ya Kuzidisha, kuushukuru wenzo. Sherehe haina maana bila nyama. Kazi ikamwangukia mpishi mkuu wa Ikulu, mzee Ndimbo, aliyewahi kupika jeshini na hakuwa na subira na kitu kisichochemka.

Shida ya Ndimbo ilikuwa kwamba fungu la nyama la Ikulu lilipangwa enzi za rais wa zamani, na katika utajiri wote ule hakuna aliyekumbuka kuliongeza. Alizunguka mji siku nzima na kikapu. Kila mlango alitajiwa elfu moja na mia moja, na alipogeuka alitajiwa na hamsini juu. Hakuna aliyetaka kuuza. Auze wa nini, na yeye anatajirika akiwa amekaa?

Kwetu alifika jioni ya kuamkia siku ya riba. Bi Nyamizi alikuwa amehesabu mara kadhaa na kila mara alipungukiwa. Wale wanne wastaafu walikuwa hawatoi hata tone.

"Yule wa mwisho, mwenye mbavu," akasema Ndimbo. "Bei gani, dada?"

"Amesifiwa elfu moja na mia moja."

"Na nani?"

"Na Bwana Kyando wa benki."

"Alimwonja?"

Bi Nyamizi akawafukuza nzi mgongoni mwa ng'ombe.

"Mimi nanunua nyama, dada yangu. Sifa nimejaribu kuzichemsha, haziivi."

"Nipe mia tatu, basi."

"Mia tatu? Huyu nikimchinja nitaitafuta nyama kwa tochi. Themanini."

"Themanini ni mbuzi."

"Mbuzi wa Ikulu ana kitambi kumshinda huyu. Haya, mia, na utumbo nakuachia."

"Mia na hamsini. Kaka, nina watoto hapa ndani hawajaonja maziwa tangu mvua zile."

Ndimbo akachungulia mlangoni, akawaona pacha wamekaa kwenye mkeka wanamtazama. Akakohoa. Akasema mia na ishirini, utumbo na kichwa, na asisikie neno lingine, kwa sababu zaidi ya hapo Rais mwenyewe atakula mchicha.

Pesa ikahesabiwa mkononi. Ilitosha riba, na ikabaki ya sukari. Bi Nyamizi akafunga pesa kwenye ncha ya kanga, akaenda akamkuna Sabuni nyuma ya sikio, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane nikamsikia akiimba. Nami nikajua ng'ombe ameokoka. Ndivyo nilivyojua.

*

Ndimbo alitaka stakabadhi ya kuwaonyesha wakaguzi wa Ikulu, na stakabadhi hutolewa sokoni. Sheria ya zamani ya soko iliagiza kila mauzo ya ng'ombe yatangazwe kwa kipaza sauti ili pasiwe na magendo. Ilikuwa imesahauliwa, kwa kuwa hakuna aliyeuza mwaka mzima. Karani wa soko akafurahi kupata kazi. Akakipangusa kipaza sauti vumbi, akatangaza mji mzima usikie:

"Ng'ombe mmoja. Kutoka kwa Bi Nyamizi wa Joshoni. Shaba mia na ishirini. Taslimu."

Sijawahi kusikia mji ukinyamaza namna ile. Hata kinyozi aliacha mkasi wazi kichwani mwa mtu.

Hiyo sasa ndiyo ilikuwa bei ya mwisho iliyotamkwa hadharani. Wala isingehitaji kushuka mpaka huko. Ingetoka elfu moja na mia moja ikafika elfu moja tu, chake Bi Nyamizi, aliyebaki na ng'ombe tisa, kingekuwa kimekwisha. Kufikia adhuhuri kila mtu alikuwa amemshika ng'ombe wake kamba anakimbia naye sokoni kabla jirani hajafika. Njiani walikutana wote. Kufikia alasiri ng'ombe alikuwa shaba hamsini. Jioni nilimwona mtu anabadilisha wake kwa kuku wawili, na mwenye kuku anasema ngoja kwanza afikirie.

Bwana Kyando akaja kwetu kesho yake akiwa na wapagazi na kamba. Alisimama nje ya uzio. Bi Nyamizi alimkaribisha ndani, akakataa. Alimpelekea maji, akayakataa kwa heshima zote. Angekunywa angekuwa mgeni, na mgeni hawezi kutaja bei ya chini.

"Sikuja kama mgeni, Bi Nyamizi. Tafadhali kaa hukohuko."

Akamweleza kutoka barabarani. Ng'ombe tisa waliobaki, kwa bei ya jana yenye huruma, walikuwa shaba elfu moja na themanini. Deni elfu tisa. Benki ingewachukua wote, na salio angelipa taratibu.

"Nimelipa riba," akasema Bi Nyamizi. "Hii hapa stakabadhi, nimelipa jana asubuhi."

"Umelipa, na benki inakushukuru."

"Basi chukueni mlioleta. Dume, kipofu, wote. Niachieni wangu, niliyekuwa naye kabla yenu."

Bwana Kyando akageuza uso. Nilisema alikuwa kijana mpole.

"Hasara haianzi na vya kukopa, mama. Inaanza na chako. Wale wengine walikuwa wetu siku zote. Huyo mmoja ndiye uliyekuwa unacheza naye."

"Sikuwa nacheza. Nilikuwa namkamua."

Akawaashiria wapagazi kwa kalamu. Wapagazi wakaingia, wao hawakuhesabiwa kuwa wageni. Sabuni alikataa kutoka, wakamsukuma kwa mabega, na mmoja wa pacha akawapungia mkono kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kupunga.

*

Sherehe ya Kuzidisha ilifanyika. Nyama ilikuwa ngumu, na kila aliyeionja aliisifu kuliko aliyetangulia.

Mzee Ndimbo alifungwa miezi sita kwa kosa la kupatana bei bila kibali. Wafungwa wanasema chakula kilikuwa kizuri mno wakati huo.

Karani wa soko alinyang'anywa kipaza sauti. Siku hizi anauza betri.

Rais hakupata hasara. Ng'ombe wake walikuwa kwa jina la mkewe, na wa mkewe hawakuwa kwa jina la mtu.

Waziri Malundi alijiuzulu kwa sababu za kiafya. Ni mshauri wa mambo ya wenzo katika nchi tatu za jirani, na anaagwa vizuri kila anapoondoka.

Nchi jirani ilinunua ng'ombe wake tena kwa shaba ishirini ishirini, ikawarudisha kwa malori yaleyale. Mimi niliondoka nao, nikipewa nauli ya kumshika yule dume pembe.

Bwana Kyando ni meneja wa Shamba la Maziwa la Benki, ambako Sabuni ndiye anayeongoza kwa lita.

Pacha wanatembea. Mmoja miguu yake imepinda kidogo, daktari anasema huenda itanyooka.

Bi Nyamizi anakata majani katika shamba hilo kwa mshahara wa mwezi, nusu ukikatwa kufidia salio. Getini benki imefungua kioski cha maziwa. Mwezi uliopita aliomba nusu lita mpaka siku ya mshahara, na msichana wa kioski akamjibu kwamba wao hawakopeshi. Akaenda akauza mundu wake, akarudi akanunua.